Kamba ya Pikapu

Siku ya pili, jua likiwa utosini, nilifungua rejeta ya pikapu yangu kwa chini, nikakinga sufuria, nikatoa maji ya rangi ya chai iliyolala. Yalikuwa na kutu na yalinuka oili. Nikayachuja kwa shati langu. Halafu nikampa mama mzee anywe.

Hakuwa mama yangu. Alikuwa abiria, wa kwanza kunilipa nauli tangu nizaliwe. Tulimwita akoo, ndivyo Waborana wanavyomwita nyanya. Alikuwa anaenda Sericho kumwona mtoto wa binti yake ambaye alikuwa amezaliwa wiki hiyo. Tulikuwa tumevuka Garba Tula mbali, na pale tulipokwama hapakuwa na kisima, hapakuwa na boma, hapakuwa na mti wa kusema ni mti. Abiria wengine wawili, wanaume, walishaondoka kwa miguu jana yake kutafuta watu, wakabeba nusu ya maji yaliyobaki na kutuachia nusu. Yetu yaliisha asubuhi. Tukabaki mimi na akoo, tumelala chini ya gari kama mbuzi, kwa sababu kivuli kilikuwa hapo tu.

Alikunywa mara mbili. Akafuta mdomo na ncha ya shuka.

"Hii ni maji ya gari?"

"Ndiyo, akoo. Nisamehe."

"Usiseme nisamehe. Gari yako imenipa maziwa yake." Akacheka kidogo, midomo ikapasuka, akaacha kucheka. Akafumba macho mpaka nikamgusa mguu nione kama yuko hai. Ndipo akaniuliza, sauti ni kama karatasi: "Mtu aliyekuuzia hii, alijua?"

Nikasema sijui.

"Muulize," akasema. "Halafu uniambie."

Nimeambiwa na watu wa kanisani, mimi nikitaka kuandika maneno haya, nisitaje majina. Sawa, sitataja. Lakini hakuna mtu wa umri wangu katika mji huu asiyemjua mwenye yadi ya magari aliyekuwa anateremka kutoka Meru kila siku ya soko na lori la kubebea ng'ombe, amevaa koti la manyoya shingoni hata kwenye joto letu. Ni huyo. Na fundi wake aliyekuwa na kidole kimoja kilichokatika, naye ni huyo.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Baba alikuwa Mturkana aliyekuja Isiolo na mifugo yake, akaona mji, akakaa. Alipokufa aliniachia maksai kumi na mmoja. Nilikuwa kibarua wa barabara, nachimba mitaro, na kwa mshahara huo pole pole nikajenga nyumba mtaa wa Kiwanjani. Kuta zilikuwa za udongo, lakini paa lilikuwa la mabati. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kulala chini ya bati. Mke wangu, mvua ikinyesha, alikuwa anazima redio asikilize bati. Mvua yenyewe kwetu ni mgeni wa kuhesabu, kwa hiyo redio haikuzimwa mara nyingi.

Halafu ukaja ukame wa miaka ile ya sabini. Kila jirani alikuwa na mifupa ya kuchoma. Maksai wangu walikuwa bado wanasimama, lakini niliona shingo zao zinapungua. Nikafikiri kama watu wengine wengi wa hapa walivyofikiri wakati ule: nitafute kitu kisichokula nyasi. Maduka ya Sericho yalikuwa yanalia sukari na unga. Mwenye gari angekula.

Nilipomwambia mke wangu, aliendelea kupepeta mahindi. Akaniuliza, "Na hiyo kitu yako ikifa, tutakula nyama yake?"

Nikamwambia gari haifi, inatengenezwa.

"Haya," akasema. "Ng'ombe akifa nabaki na ngozi. Nitaona wewe utaniletea nini."

Yule mwenye yadi alikuja siku ya soko na lori lake, na nyuma ya lori dereva wake akaleta pikapu ya rangi ya kijani. Akaisimamisha kando ya zizi, pale tunapofungia wanyama wa kuuza. Akatangaza kwamba hataki pesa, anataka maksai. Alikuwa na bucha mbili huko kwao na hoteli, na ukame ulikuwa umemtia njaa ya nyama.

Sasa nitasema kosa langu, kwa sababu ninayemlaumu si yeye peke yake. Baba alinifundisha kununua ng'ombe. Huendi kumpanda wala kumshikashika. Unamwambia mwenyewe amtembeze, wewe unasimama kwa nyuma, mbali kidogo, unaangalia anavyoweka miguu. Unakwenda asubuhi, kabla hajapewa maji, kwa sababu muuzaji mjanja anampa chumvi jioni ili asubuhi anywe ajae tumbo. Unaangalia macho, meno, kwato. Mimi nikafanya hivyo hivyo. Nilifika asubuhi, nikamwambia dereva aitembeze. Akaitembeza kuzunguka zizi, pole pole, na mimi nimesimama nyuma nimefunga mikono, mtu mzima, naangalia magurudumu kama ni kwato. Ilitembea vizuri! Ilitembea kimya kama ngamia. Sikuingia ndani. Sikushika usukani. Sikukanyaga klachi. Watu walinizunguka wakasema, "Inatembea, hiyo inatembea," na wao pia walikuwa wachungaji kama mimi. Tulikuwa watu kama thelathini pale, na hakuna mmoja aliyefikiri kwamba gari haionyeshi ugonjwa kwa miguu.

Dalali wa soko alikuwa mzee wa Kiborana, mtu wa msikiti, mwenye fimbo nyembamba ambayo sikuwahi kuiona ikimgusa mnyama. Ng'ombe hauzwi Isiolo bila dalali kusimama katikati. Alinigeukia kwanza.

"Wanyama wako. Sema ubaya wao."

Hiyo ndiyo desturi. Muuzaji anasema ubaya wa mnyama wake kabla ya mikono kushikana. Nikasema, "Huyu mwekundu jicho la kushoto halioni. Na huyu mwenye pembe moja anapiga teke akikamatwa mguu wa nyuma. Wengine ni wazima."

Akamgeukia mwenye yadi. "Gari yako. Sema ubaya wake."

Yule akacheka, akapiga bonati kofi. "Mzee, hii haina ubaya. Ubaya wake ni kwamba inakunywa petroli."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Tukashikana mikono. Nikafungua kamba shingoni mwa maksai wangu, wote kumi na mmoja, nikazishika mimi, kwa sababu kwetu mnyama anauzwa, kamba haiuzwi. Kamba inabaki kwa muuzaji mpaka mwezi ufe na mwingine uonekane. Mnyama akionyesha ndani ya mwezi huo ugonjwa aliokuja nao, mwenye kamba anaulizwa. Mwezi ukiisha, kamba ni kamba tu, unafungia kuni. Dalali akamwambia mwenye yadi, "Na wewe, shika kamba yako."

"Gari ina kamba?"

"Kila kitu kinachouzwa hapa kina kamba."

Alikuwa mtu wa utani, siwezi kumnyima hilo. Akafungua kipande cha kamba ya katani kilichofunga tairi ya akiba, akakizungusha mkononi mbele ya watu wote, akakitia mfukoni mwa lile koti lake. Halafu akanipa karatasi nitie sahihi. Ilikuwa ya Kizungu. Nikatia sahihi, kwa sababu nilijua kuandika jina langu na nilijivunia.

Siku kumi na mbili baadaye, mwezi hata haujajaa vizuri, nikapakia sukari, majani ya chai na unga, nikachukua na abiria watatu, nikashika barabara ya Sericho. Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwenye kazi ya barabara, kwa hiyo usiseme ni uendeshaji. Kufika pale pasipokuwa na kitu, gari ikaanza kulia kwa ndani, sauti ya mawe yanayosagwa, kisha ikashika gia na kukataa kuiachia. Nikasukuma, nikavuta, nikaomba. Ikakaa.

Mengine ya hapo nimeshasema. Jioni ya siku ya pili wale wanaume wawili walirudi na watu wenye ngamia, na maji, na maziwa. Nawakumbuka mpaka leo wale watu wa ngamia. Hawakuuliza sisi ni kabila gani wala dini gani. Walimpa akoo maziwa kwa kijiko, wakamketisha juu ya ngamia kama malkia, wakamfikisha Sericho. Mtoto alikuwa ameshapewa jina bila yeye. Alikuwa ndiye wa kumbeba siku ya kupewa jina, na siku ilikuwa imepita.

Pikapu ilivutwa na lori mpaka mjini. Fundi wetu wa Isiolo, mtu wa kutoka Nyeri aliyekuwa na gereji ya mabati kando ya barabara kuu, akalala chini yake, akafungua giaboksi. Oili haikumwagika. Kilichotoka kilitoka pole pole, kizito, rangi ya kahawia, kikaanguka kwenye karai, pwa, pwa. Akatia kidole, akanusa.

"Kuja hapa," akaniita. "Nusa."

Nikanusa. Ndizi.

"Ni ndizi mbivu na unga wa mbao, wamesonga na grisi," akasema. "Meno yaliisha zamani. Wameweka hii isipige kelele. Inanyamaza wiki moja, mbili, kisha joto linaikausha. Mzee, hii umenunua ni giaboksi ama ni sufuria ya kupondea mukimo?"

Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Lile karai hakulimwaga. Alilifunika na gunia, akaliweka pembeni. "Hii utaihitaji," akasema. Mungu ambariki fundi huyo.

Giaboksi nyingine ilipatikana, lakini haikuwa ya bure, wala kuvutwa hakukuwa kwa bure. Maksai walikuwa wameshaliwa kwenye hoteli za Meru. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza. Nikapanda juu ya nyumba yangu, nikang'oa mabati, bati moja moja, mke wangu akiwa chini anayapokea. Ningependa angenilaumu. Alipokea la mwisho akaliegemeza ukutani, akaingia ndani ya nyumba isiyo na paa, akaendelea kupika. Jirani, mama wa Kimeru aliyekuwa na duka, akatuletea turubai. Akasema, "Nirudishieni mkipata, msipopata pia ni sawa." Tukaishi chini ya turubai hilo na watoto wanne.

Gari ikapona. Lakini mimi sikupona.

Nikapanda Meru mpaka kwenye yadi. Mwenye yadi alinikaribisha kiti, akaniagizia soda. Nikamweleza. Akatoa ile karatasi, akaiweka mbele yangu na kuipapasa kama mtoto wake.

"Rafiki, sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi maneno yamekwisha. Kunywa soda."

Yule fundi mwenye kidole kilichokatika alikuwa amesimama mlangoni anafuta mikono na kitambaa. Nilimwangalia. Aliangalia kitambaa.

Soda sikuinywa. Nikarudi Isiolo na nakala yangu ya karatasi ile kwa mwandishi wa barua aliyekuwa anakaa na taipu yake nje ya posta. Akaisoma kwa midomo, akavua miwani. "Ndugu, hapa umesema umeikubali gari na kasoro zake zote, zinazoonekana na zisizoonekana. Ukienda kortini na hii, unajifunga wewe. Nikuandikie barua ya kuomba huruma?"

Nikamwambia huruma sikumuuzia mtu, siwezi kudai huruma.

Nilikaa siku mbili nyumbani nikiangalia turubai. Siku ya tatu mke wangu akafungua mdomo. "Wewe unazunguka na karatasi, na karatasi ni desturi yake. Desturi yako iko wapi? Si alishika kamba?"

Nilikuwa nimesahau. Wallahi, kama wanavyosema majirani zetu, nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa nimeona gari ni kitu cha ofisi, kwa hiyo nikaipeleka ofisini.

Nikaenda kwa dalali, nimebeba lile karai la gereji kichwani. Nikamkuta ametoka kuswali. Nikamsalimu salaam aleikum ingawa mimi ni wa kanisa, akaitikia na kuniuliza nimemletea chakula gani. Nikafunua gunia. Akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Astaghfirullah. Hii ilikuwa ndani ya ile ya kijani?"

"Ndani kabisa."

"Mwezi ulikuwa umekufa?"

"Haukuwa hata nusu."

Akachukua fimbo yake.

Soko lililofuata, mwenye yadi akaja na lori lake. Nilikuwa pale na wote walikuwa wamenusa karai, kwa sababu dalali alikuwa ameliweka penye mlango wa zizi, kila anayeingia alipite. Akamwendea mtu wa Samburu aliyekuwa na madume matatu.

"Bei gani hawa?"

"Hawa hutawataka, mzee. Gia zao ni mbovu."

Watu wakafunika midomo. Akaenda kwa Mborana mwingine. Huyo akampapasa ng'ombe wake tumbo kwa huruma. "Huyu ana ndizi ndani, naogopa kukudanganya." Akaenda kwa Msomali mwenye ngamia, ambaye alimwonyesha tu fimbo ya dalali kwa kidevu. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemgusa. Walikataa tu kumwuzia. Na wale watu walikuwa na shida, ukame ulikuwa bado, kila mmoja alihitaji kuuza siku hiyo. Sijui kama nyinyi mnaosoma mnaelewa hilo. Kuna mtu alirudi nyumbani na ng'ombe aliyekonda kwa ajili ya paa langu.

Lori likapanda mlima likiwa tupu. Soko la pili, tupu. La tatu alikuja bila koti, akaenda moja kwa moja kwa dalali.

"Mzee, huyu mtu wako anataka nini?"

"Kamba iko wapi?"

"Kamba gani sasa? Ile kamba ya mchezo? Niliitupa."

"Kama uliitupa," dalali akasema, "basi bado unayo. Swali lake halitupwi."

Watu wakatuketisha kwenye mawe, mimi huku, yeye kule, karai katikati. Fundi wa gereji akaja na mavazi yake ya oili akasema alichokiona. Yule mwenye yadi akatoa karatasi yake, dalali akaishika kichwa chini miguu juu, akaitazama kwa heshima, akamrudishia. "Hii ni nzuri," akasema. "Peleka mahali inapoongea. Hapa tunaongea sisi."

Akaniuliza mimi nadai nini. Nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi: maksai, akoo, siku mbili. Lakini nikasema, "Kutengeneza gari kulikula paa langu. Anirudishie paa."

Mwenye yadi akaangalia lori lake tupu. Akaangalia madume waliofungwa kila upande. Akasema, "Sawa."

Alileta mwenyewe, kwenye lori lile lile la ng'ombe, mabati mapya yanayoumiza macho. Watoto waliyahesabu kwa sauti yakishushwa. Mke wangu alisimama na mikono kiunoni mpaka la mwisho.

"Na misumari?"

"Misumari?"

"Ya zamani ilipinda mume wangu akiing'oa. Na mbao mbili zilipasuka."

Mwenye yadi akateremka mjini akanunua misumari. Mbao pia. Nilimpenda mke wangu siku hiyo kuliko siku ya harusi. Tulirudisha turubai kwa jirani, limefuliwa, na mbuzi mdogo juu yake. Mvua ilichelewa mwaka huo, lakini ilikuja, na redio ikazimwa.

Pikapu ilinihudumia miaka saba baada ya hapo. Nilibeba unga, wagonjwa, maharusi, nikafika mpaka Leparua upande wa pili na Sericho mara zisizo na hesabu. Watoto walisoma. Kwa hiyo msidhani naandika kwa sababu nilishindwa. Sikushindwa. Na siku hizi soko letu likiuza gari kando ya zizi, hakuna anayesimama nyuma kufunga mikono. Mnunuzi anaingia, anaendesha mpaka injini iwe moto, na muuzaji anaulizwa ubaya wake mbele ya watu, na anashika kamba. Sisi ndio tulioanza hivyo.

Lakini siku ile ya mabati, lori likiwa tayari kuondoka, nilishika mlango wake. Nikamwuliza swali nililotumwa. "Ulijua?"

Akasema, "Si nimelipa?"

"Umelipa. Nauliza kama ulijua."

Akafunga dirisha.

Akoo aliniuliza jibu kila nilipofika Sericho. Nilikuwa nasimamisha gari, anatoka na fimbo yake, na yule mjukuu ameshika shuka yake, tena amekuwa mkubwa. "Alisema nini?" Nikamwambia bado, akoo. "Basi muulize tena." Mara ya mwisho nilipofika alikuwa amezikwa, kwa uzee wake, si kwa maji yangu. Mjukuu ndiye aliyetoka, akaniuliza yeye. Alisema ameachiwa swali hilo na akoo.

Wewe mwenye yadi, paa ulinirudishia, misumari ulileta, karai limeoza na kutupwa. Hilo limekwisha, sikudai bati hata moja zaidi. Lakini mimi nilisimama mbele ya watu nikasema jicho la kushoto la ng'ombe wangu halioni, na wewe ukapiga bonati kofi. Nasikia bado uko hai, yadi bado iko, na fundi wako bado anafuta mikono. Njia ya kuteremka Isiolo unaijua. Njoo siku ya soko usimame pale kwenye zizi, mbele ya huyo msichana wa Sericho ambaye hakubebwa na nyanya yake siku aliyopewa jina, umjibu yeye, usinijibu mimi.

Ulijua?